Biolojia na Kiingereza katika lisansi moja: Bukavu kuna njia?

Mwana_wa_Bagira

Jambo kwenu wote, wakubwa na wadogo.

Nina diploma ya serikali (ya kumaliza sekondari), opsyo Bio-Chimi, na mwaka huu najiandikisha chuoni hapa Bukavu. Masomo mawili nayapenda sawasawa, biolojia na Kiingereza, na sitaki kutupa moja. ISP (chuo cha ualimu) ina idara ya Biolojia-Kemia na pia ya Kiingereza na Utamaduni wa Afrika. UOB (chuo kikuu cha serikali) ina Biolojia kwenye fakulte ya Sayansi.

Je, mtu anaweza kuyasoma yote mawili na kupata lisansi (shahada ya kwanza) inayoyataja yote? Kama haiwezekani, lipi lichukuliwe chuoni na lipi lisomwe pembeni? Na hilo la pembeni linasomwaje hadi lionekane mbele ya mwajiri au kamati ya masta? Lengo langu ni kuandika sayansi kwa Kiingereza, au kutafsiri ripoti za mazingira. Naomba majibu yenye hesabu. Ya kunitia moyo nimeshayapata mengi.

---

Lwiro_Juu

Mdogo wangu, hesabu ndiyo hii. Katika mfumo wa LMD (lisansi, masta, udaktari) lisansi ni krediti 180: semesta 6, kila moja krediti 30. Krediti moja ni saa 25 za kazi ya mwanafunzi, 15 za darasani au labo na 10 za kazi binafsi. Semesta moja basi ni saa 750. Zigawe kwa wiki 15, unapata saa 50 kwa wiki. Hizo ni za idara moja tu.

Ukibeba idara mbili nzima, ni saa 100 kwa wiki. Wiki ina saa 168. Ukilala saa 7 kila usiku, 49 zimekwenda. Zinabaki 19 za kula, kufua, kuchota maji, kusali, na kupanda na kushuka kati ya Bagira na Ibanda. Mwili haukubali. Hata ungekubali, ratiba zingekataa: TP (mazoezi ya labo) ya botania na somo la fonetiki yakiangukia saa ileile, hakuna idara itakayosogeza lake kwa ajili ya mtu mmoja. Na lisansi moja yenye majina hayo mawili haimo katika mfumo wetu. Biolojia na kemia zimeunganishwa ISP kwa sababu mwalimu wa sekondari hupewa yote mawili kufundisha. Kiingereza kina jozi yake nyingine.

Sasa lipi liende chuoni. Jiulize ni lipi lisiloweza kufanyika nyumbani. Mikroskopi, mizani ya miligramu, otoklavu, etuvi, vitendanishi, asistanti anayekuonyesha kwa nini mkato wako wa shina ni mnene mno kupitisha mwanga: hivyo havina njia ya pembeni. Kiingereza kinayo. Jiandikishe Biolojia.

Kuhusu saa za Kiingereza, Cambridge, watungaji wa mitihani ya Kiingereza, wanakadiria kwamba mtu anayeanza sifuri anahitaji saa 500 hadi 600 za masomo yenye mwalimu kufika daraja la B2 (mtu anayejitegemea katika lugha), na 700 hadi 800 kufika C1. Saa 10 kwa wiki, wiki 30 kwa mwaka, miaka 3, ni saa 900. Bila mwalimu saa hizo hazina uzito uleule, lakini wewe huanzi sifuri, sekondari umekigusa. Ukizifanya kweli, B2 imara iko ndani ya uwezo wako kabla ya kumaliza L3 (mwaka wa tatu).

Tahadhari moja, na hii ndiyo inayowaangusha wengi. Semesta ya kwanza ya L1 (mwaka wa kwanza) haina huruma: kemia ya jumla, hisabati na fizikia zinakuja pamoja na biolojia yenyewe, na kila TP inadai ripoti. Anayeanza na saa 10 za Kiingereza hapo huanza kuchelewesha ripoti moja, kisha mbili, na pointi za TP hazirudi kwa mtihani. Anza na saa 5. Ongeza hadi 10 katika semesta ya pili, ukishajua ratiba yako inapumulia wapi.

---

Fonetiki_na_Fasihi

Heshima kwa mkubwa Lwiro_Juu, hesabu yake ni sahihi. Nampinga mahali pamoja: idara ya Kiingereza si shule ya lugha. Anayesema Kiingereza kinasomwa nyumbani anazungumzia kusoma na kuongea. Kule wanafundisha fonetiki na fonolojia, mofolojia, sintaksia, fasihi ya Uingereza, ya Marekani na ya Afrika, na tafsiri. Hayo hayapatikani kwa kusikiliza redio.

Kwa hiyo swali la kwanza ni lengo. Ukitaka kufundisha Kiingereza sekondari, nenda idara ya Kiingereza, biolojia iwe ya kusoma pembeni. Mkuu wa shule atatazama jina lililo kwenye diploma. Ukitaka kuandika sayansi au kutafsiri, nakubali uende Biolojia, lakini usijidanganye kwamba mapengo yatajiziba. Mtu aliyejifunza peke yake huteleza palepale kila siku. Husema "informations", "researches", "equipments", "evidences" kwa sababu Kifaransa kinaruhusu wingi. Kiingereza cha sayansi hakiruhusu. Huandika "a bacteria" ilhali umoja ni "bacterium". Huandika "one specie" wakati "species" haibadiliki, iwe mmoja au elfu. "Hypothesis" wingi wake ni "hypotheses", "larva" ni "larvae", "stoma" ni "stomata". Na mkazo wa sauti: "photosynthesis" hukazwa kwenye "syn", si mwishoni kama tunavyozoea kwa Kifaransa. Mbele ya kamati ya mahojiano, mkazo ukikosewa neno zima halisikiki, hata kama kila herufi umeitamka.

Dawa yake ni kuomba kuwa msikilizaji huru. Andika barua kwa idara, ukitaja kozi mbili tu: fonetiki na tafsiri. Mwone profesa kwanza, barua ifuate, nakala yenye muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Krediti hutapata. Unaweza kuomba cheti cha mahudhurio, na kwenye faili ya masta kinazungumza zaidi ya mstari wa «Kiingereza: vizuri» ambao kila mtu huandika.

Neno moja zaidi kwa anayetaka kutafsiri. Mfasiri wa kazi hutafsiri kuelekea lugha anayoiandika vizuri zaidi. Kwa aliyesoma Bukavu, lugha hiyo kwa maandishi ni Kifaransa mara nyingi. Soko lako la kwanza basi ni ripoti za Kiingereza kwenda Kifaransa. Kifaransa chako kikiwa legelege, Kiingereza hakitakuokoa.

---

Kamusi_ya_Labo

Kati ya labo na darasa la lugha kuna shimo. Mwalimu wa Kiingereza hatambui neno la sayansi likikosewa, profesa wa biolojia hasomi tafsiri yako, na wewe umejifunza sayansi yote kwa Kifaransa. Tazama haya moja moja.

"Témoin" ya jaribio kwa Kiingereza ni "control". Wengi huandika "witness", yaani shahidi wa mahakamani. Na "contrôle" ya Kifaransa mara nyingi ni ukaguzi au mtihani, kwa hiyo inakuwa "check" au "test". Maneno mawili yamebadilishana viti.

"Dosage du glucose" ni kupima kiasi cha glukosi. Kwa Kiingereza ni "assay" au "determination". Ukiandika "dosage", msomaji anaelewa kipimo cha dawa anachopewa mgonjwa. Katika ripoti ya afya, kosa hili ni la hatari.

"Étuve" ndiyo inayonipa kazi zaidi. Kifaransa kinatumia neno moja kwa kabati la joto lolote. Kiingereza kinadai ujue joto na kazi: kwenye nyuzi 37 unakuza bakteria, hiyo ni "incubator", kwenye 60 hadi 105 unakausha majani au udongo, hiyo ni "drying oven". Hapa kamusi haikusaidii. Rudi kwenye mbinu za jaribio, usome nyuzi.

"Milieu" ndani ya labo ni "medium", nje ni "habitat" au "environment". "Souche" ya bakteria ni "strain", ya mti uliokatwa ni "stump". "Lame" na "lamelle" za mikroskopi ni "slide" na "cover slip". Bakteria "sensible" kwa antibiotiki ni "susceptible". "Sensible" ya Kiingereza ni mtu mwenye busara. "Foyer" ya kipindupindu ni "outbreak". "Expérience" ya labo ni "experiment". Na "une quantité importante" ni kiasi kikubwa tu, "large". Ukiandika "important" umesema kina umuhimu, jambo ambalo data yako haijathibitisha.

Tarakimu nazo zinaua. Kifaransa 0,05 ni 0.05 kwa Kiingereza. 1.250 katika baadhi ya maandishi ya Kifaransa ni elfu moja mia mbili hamsini. Msomaji wa Kiingereza anaona moja na robo. "Milliard" ni "billion", na "billion" ya Kifaransa ni "trillion". Kabla ya kutoa tafsiri yoyote, pitia tarakimu peke yake, bila kusoma maneno. Pito la pili ni la majedwali na grafu, kwa sababu programu ya jedwali huweka koma au nukta kulingana na lugha ya kompyuta.

Namna ya kujifunza: tengeneza kadi za karatasi ngumu. Kila kadi ina neno la Kifaransa, la Kiingereza, la Kiswahili kama lipo, sentensi nzima iliyonakiliwa kutoka makala iliyochapishwa, na kosa la kuepuka. Sentensi usiitunge mwenyewe, utajifundisha kosa lako. Kadi 5 kwa siku, siku 5 kwa wiki: wiki 30 zinakupa 750. Kila kadi irudie siku ya kwanza, ya tatu, ya saba na ya ishirini na moja.

Pamoja na kadi, makala moja kwa wiki. Siku ya kwanza soma muhtasari na picha tu. Siku ya pili soma mbinu na unakili vitenzi: utaona mbinu huandikwa kwa wakati uliopita na hali ya kutendwa, kama "samples were collected", na ukweli wa jumla kwa wakati uliopo. Siku ya tatu funga makala, andika maneno 150 kutoka kichwani. Siku ya nne linganisha na asili kwa kalamu nyekundu. Siku hii ya nne watu huiruka, na ndiyo inayofundisha.

Makala za bure zipo mtandaoni, kwenye PubMed Central na PLOS ONE. Uliza pia maktaba ya chuo kama imejiandikisha Research4Life, mpango unaofungua majarida ya kulipia kwa taasisi za nchi kama yetu. Nywila hukaa kwa mkutubi, si kwa mwanafunzi. Pakua PDF badala ya video, kwa megabaiti zilezile utapata makala nyingi zaidi.

---

Daraja_la_Ruzizi

Naongeza la ng'ambo, kwa kifupi, maana wengi huona kwenye intaneti kwamba Marekani mtu anamaliza na masomo makuu mawili.

Ni kweli, na inawezekana kwa sababu mfumo wao umejengwa hivyo. Shahada ya kwanza huwa ni krediti kama 120, na somo kuu moja halizijazi zote. Kiingereza kama somo kuu huwa ni kozi kama 10 hadi 12. Biolojia ni nzito zaidi, kwa kuwa inavuta pamoja nayo kemia ya jumla, kemia ogania, fizikia na takwimu. Nafasi iliyobaki baada ya biolojia ndipo Kiingereza kinaingia. Krediti yao si krediti yetu, usizilinganishe moja kwa moja. Tofautisha pia masomo makuu mawili ndani ya shahada moja na shahada mbili kamili, ambazo hudai krediti za ziada. Na huko pia labo ya alasiri hugongana na semina ya fasihi. Wanaofaulu hupanga mihula yote tangu mwaka wa kwanza, wakitanguliza kemia, kwa sababu kila kozi ya kemia ni mlango wa inayofuata. Fasihi haina ngazi kali hivyo, inaweza kusubiri.

Karibu na kwetu, Uganda na Tanzania vyuo vikuu hufundisha kwa Kiingereza, na Rwanda ilihamia Kiingereza mwaka 2008. Kusoma biolojia huko ni kupata masomo mawili kwa ada moja, ingawa cheti kitataja biolojia peke yake. Kwa Uganda, diploma ya serikali ya Kongo hulinganishwa kwanza na UNEB, baraza lao la mitihani. Usiende bila nakala iliyotafsiriwa na mtafsiri aliyeapishwa. Jina lako liandikwe kwa mpangilio uleule kwenye kila karatasi. Postnom (jina linalofuata lile la kwanza la ukoo) iliyoruka kwenye pasipoti husimamisha faili nzima.

Mtihani wa IELTS, unaopima Kiingereza cha waombaji wa vyuo, una sehemu nne: kusikiliza maswali 40, kusoma maswali 40 kwa dakika 60, kuandika dakika 60, na mazungumzo dakika 11 hadi 14. Kuandika kuna kazi mbili, maneno yasiyopungua 150 na yasiyopungua 250. Aliyesoma sayansi ana faida kwenye kazi ya kwanza, ambayo mara nyingi ni grafu au jedwali la kueleza. Matokeo hudumu miaka 2. Kwa hiyo usiufanye L1 kwa furaha. Ufanye ukiwa L3, miezi michache kabla ya kuomba masta.

---

Mwana_wa_Bagira

Aksanti sana wakubwa. Nimekata shauri: Biolojia chuoni, barua ya msikilizaji huru kwa fonetiki, na kadi. Limebaki swali moja. Memwari (tasnifu) ya mwisho naweza kuifanya iunganishe yote mawili?

---

Lwiro_Juu

Ndiyo, na usingoje L3 kuitafuta mada. Memwari yenyewe itakuwa kwa Kifaransa. Muhtasari wa Kiingereza uandike mwenyewe, usiupe programu ya simu ikutafsirie. Kamati ikiona "witness" kwenye ukurasa wa kwanza, imeshakujua. Lakini muunganiko halisi uko kwenye uchaguzi wa mada. Chagua kitu cha kwetu ambacho maandishi yake mengi yako kwa Kiingereza.

Mfano wa kwanza ni sambaza. Samaki huyu, Limnothrissa miodon, asili yake ni Tanganyika. Aliletwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na Kariba mwaka 1967 na 1968. Kule Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, anaitwa kapenta, na utafiti wake umeandikwa kwa Kiingereza. Anayetafuta «sambaza» peke yake anapata nusu ya habari. Anayetafuta kwa jina la Kilatini, kisha kwa "kapenta", anapata data ya ukuaji na uvuvi ya kulinganisha na ziwa letu. Memwari ya namna hiyo haiwezi kuandikwa na asiyesoma Kiingereza, na kamati itaiona tofauti hiyo bila wewe kuisema.

Mfano wa pili ni mimea, na hapo Kiingereza kimekuwa sheria. Tangu tarehe 1 Januari 2012, maelezo ya spishi mpya ya mmea ili yakubalike lazima yawe kwa Kilatini au kwa Kiingereza. Kifaransa peke yake hakitoshi. Mimea ya Kongo imeelezwa zaidi kwa Kifaransa, ile ya Uganda, Kenya na Tanzania kwa Kiingereza, na mmea hauujui mpaka. Fungu dogo la mimea ya dawa au ya chakula, kama spishi 30 kutoka soko la Kadutu na mashamba ya Kabare, lenye jina la Kilatini, la Mashi (lugha ya Washi wa huku), la Kiswahili, la Kifaransa na la Kiingereza, ni kazi inayowezekana kwa semesta moja ya ukusanyaji.

Ila kila jina lazima lisimame juu ya sampuli. Jina lisilo na sampuli haliwezi kukaguliwa na mtu yeyote. Chuma tawi lenye ua au tunda, la majani matupu wataalamu watalikataa. Chukua nakala 3 za mmea uleule kwa namba moja: moja yako, moja ya chuo, moja ya herbaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya kituo cha utafiti cha Lwiro. Karatasi ya kubandikia huwa karibu sentimita 29 kwa 42, kwa hiyo kunja tawi refu kwa umbo la V au N kabla halijakauka. Lilaze ndani ya gazeti, geuza jani moja lionyeshe mgongo, bana kwa mbao mbili na kamba. Magazeti badilisha kila siku kwa siku tatu za kwanza, hasa msimu wa mvua. Unyevu wa Bukavu ukikuwahi, kuvu inatangulia na ua linageuka jeusi.

Lebo andika kwa Kifaransa na Kiingereza: namba, tarehe, kijiji, vipimo vya GPS, mwinuko kwa mita, makazi, urefu wa mmea, na rangi ya ua ulivyoiona mbichi, kwa sababu ikikauka haitajulikana tena. Jina la Mashi liandike kama mtoaji alivyolitamka, hata kama wewe unalitamka vingine. Jina la Kilatini kwa mkono hupigiwa mstari chini, jenasi kwa herufi kubwa, spishi kwa ndogo. Lebo ya shambani itumie penseli, maana maji ya mmea hufuta wino kabla hujafika nyumbani.